Kiti cha Kushoto

Karin alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa kazini, akaniambia mama yake amefariki usingizini na ibada itakuwa Jumamosi, kanisani kwao Golden Valley, huku ughaibuni tunakoishi. Nilimpa pole, nikamwambia nitafika, kisha nikabaki na simu mkononi kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Mimi ni mtu mzima. Nasimamia wauguzi na walezi wa wazee, wananiogopa kidogo, na hilo silichukii. Lakini nikisikia sauti ya Karin, hata baada ya miaka kumi na saba, huwa tena yule msichana mwenye daftari la uongo kwapani. Jumamosi nilikwenda. Baada ya ibada tulishuka kwenye ukumbi wa chini, tukapewa kahawa nyepesi, vipande vya mkate vyenye nyama ya nguruwe ambavyo sikuvigusa, na saladi ya makaroni yenye sukari. Sisi tumezoea msiba wenye sufuria za pilau na watu kulia hadi sauti zikauke. Wenzetu wale walikuwa wakiulizana kwa sauti ya chini kuhusu ukarabati wa barabara. Kwenye meza ya picha niliiona ile niliyokuwa nikiihofia. Bibi Ardis, mama yake Karin, yuko juu ya kigari cha farasi, upande wa kulia, hatamu mikononi, mgongo umenyooka. Mimi niko kushoto kwake, nimevaa kofia ya kuazima, mdomo nusu wazi. Bwana mmoja mwenye mkongojo alimuuliza Karin huyo binti ni nani. Karin alinitazama juu ya kikombe chake, akasema, "Huyo ni Rehema. Macho yalikuwa yake." Bwana yule alitabasamu kwa adabu, akahamia picha nyingine.

Mwaka wa picha ile nilikuwa nimemaliza chuo na sijapata kazi niliyosomea, kwa hiyo nilifanya walichofanya wengi wetu, nikalea wazee. Nyumba ya Bibi Ardis ilikuwa Plymouth, ya mbao nyeupe, nyuma yake banda la farasi na uwanja wa nyasi. Majengo ya ofisi yalikuwa yameizunguka pande tatu, na wafanyakazi wakitoka kula mchana walisimama kwenye uzio kumtazama Hazel, farasi jike wa kahawia, wa aina ya Morgan, mnene wa shingo, mwenye macho ya mtu anayejua umbea wako wote. Kazi yangu ilikuwa kufika saa moja asubuhi, kuhakikisha dawa zimemezwa, kupika uji wa shayiri, kufagia, na kujaza daftari lililokaa juu ya friji, ambalo Karin, binti yake wa pekee, alilisoma kila Jumapili. Daftari lilikuwa na mistari yake: usingizi, chakula, miguu, kumbukumbu, macho. Jikoni mle mlinukia kahawa na ngozi, kwa sababu Bibi alileta mikanda ya farasi ndani na kuipaka mafuta mezani, pale pale tulipolia chakula. Siku ya kwanza nilipomwita Bibi, aliniuliza maana yake. Nikamwambia kwetu mtu wa umri wake haitwi jina tupu. Alitafuna jibu hilo pamoja na mkate wake, akasema, "Basi usiache."

Kabla mwezi haujaisha nilikuwa nimejua kwamba haoni. Si kwamba alikuwa gizani kabisa. Aliona mwanga, aliona maumbo makubwa, aliona kidogo pembeni, lakini katikati ya kila alichokitazama palikuwa na ukungu. Alimimina kahawa akiwa amening'iniza kidole ndani ya kikombe, na ilipomgusa alijua imejaa. Gazeti alinipa nilisome kwa sauti, eti anapenda lafudhi yangu. Mwezi wa nne, barafu ilipoyeyuka, alimfunga Hazel kwenye kigari cha magurudumu mawili, kwa kupapasa tu, haraka kuliko ninavyosuka nywele, akaniamuru nikae kushoto. Tuliteremka barabara ya changarawe hadi kona ya jirani yake, mzee aliyeitwa Walt. Bibi akainua mjeledi kidogo, kama wanavyosalimiana waendesha farasi, akaita, "Za asubuhi, Walt!" Walt hakuwepo. Palikuwa na sanduku lake la barua, kubwa, jeusi, juu ya nguzo yenye urefu wa mtu. Bibi akanigeuzia uso. "Amenipungia?" Naomba mnielewe. Nimelelewa kwamba mkubwa haambiwi amekosea, sembuse kuambiwa haoni. "Amekupungia, Bibi," nikasema. Tangu siku hiyo, kila asubuhi alilisalimia lile sanduku, na kila asubuhi nililijibia salamu. Na kila jioni, kwenye mstari wa macho, niliandika: mazuri.

Nilikuwa nikiishi mtaa wa Frogtown na Nyambura, Mkenya aliyefanya kazi kwenye nyumba ya wazee, chumba kimoja na jiko juu ya duka la Wahmong, wahamiaji kutoka Asia, tulikonunua mboga zilizokaribia kufanana na mchicha. Jioni moja tukila nilimsimulia habari za sanduku la barua, nikitegemea acheke. Aliacha tonge hewani.

"Wee Rehema, uko serious? Huyo shosho haoni, na unamwacha a-drive farasi?"

"Si barabara kubwa. Na farasi anaijua njia."

"Siku aki-crash wataangalia nani ali-sign hiyo book. Ni wewe. Si yeye, si farasi. Report, my dear. Kesho."

"Nitamwambiaje mtu mzima kitu kama hicho?"

"Si umwambie yeye, uambie daughter! Nyinyi wa-TZ mtakufa na hizo heshima zenu."

Nilicheka ili mambo yaishe, nikaanza kuosha vyombo. Nyambura alikuwa amegusa penyewe, kwa sababu haikuwa heshima peke yake. Nilikuwa pia naogopa. Nimeandika "mazuri" mara thelathini, arobaini, nitaanzia wapi kuandika vingine? Kila siku niliyonyamaza ilifanya siku ya kusema iwe ngumu zaidi, na nilikuwa nalala vibaya, nikiamka nimekunja ngumi kama mtu aliyeshika hatamu.

Mambo yaliharibika zaidi mwezi wa tano. Nilikuwa kwenye chumba cha kufulia kando ya jiko, nimeshika taulo zilizotoka kwenye mashine zikiwa bado na moto, Karin alipoingia jikoni na bakuli lake la kila Jumapili, nyama ya kusaga iliyookwa na viazi juu. Hakujua niko pale. Siku ile nilikuwa nimebadilishana zamu. Bibi alimwambia ameshajiandikisha kwenye maonyesho ya kanda ya farasi wa Morgan, mwezi wa sita, upande wa Saint Paul, kwenye shindano la kuendesha kigari. Alikuwa hajashindana kwa miaka miwili kwa sababu ya goti. Nilisikia kijiko kikiwekwa mezani.

"Nimekubali kwa sababu moja tu," Karin akasema. "Rehema anaandika kila siku kwamba unaona vizuri. Na ninamwamini Rehema kuliko ninavyokuamini wewe, Mama."

"Mimi pia namwamini," Bibi akasema.

"Lakini likitokea jambo lolote pale, hata dogo, tumemaliza. Nyumba inauzwa, Hazel anaondoka, na wewe unahamia kwenye nyumba ya uangalizi wa wazee."

Nilisikia kijiko cha Bibi kikikwaruza sahani. Kisha akasema, "Chumvi imepungua hii." Mimi nilisimama na taulo zangu hadi zikapoa. Ilikuwa hatua nne tu kutoka pale hadi mezani, na sijawahi katika maisha yangu kupewa nafasi nzuri kuliko ile ya kusema kweli. Nikazikunja taulo. Nikazikunjua, nikazikunja tena.

Goti lilimfanya Bibi achoke mapema, kwa hiyo mazoezi ya jioni ya Hazel yaliangukia kwangu. Nilitembea nyuma yake na hatamu ndefu, tukizunguka uwanja, na kwa kuwa nilikuwa nimezungumza Kiingereza kutwa nzima na ulimi umechoka, nilimsemesha Kiswahili. Twende. Polepole. Simama, mama. Nilimpa habari za Nyambura, za baridi, za kazi nilizoomba na kunyimwa. Baada ya wiki chache nikisema simama alisimama kabla sijavuta kitu, na niliona fahari ya kijinga, kana kwamba nimepata ndugu Plymouth. Bibi alikuwa akikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, anasikiliza. Jikoni alinieleza kanuni za shindano huku akisugua lijamu, kile chuma cha mdomoni mwa farasi, kwa kitambaa. Abiria anaruhusiwa kukaa kushoto, na kwake ilikuwa desturi, avae kofia na aweke mikono magotini. Abiria hagusi hatamu. Hagusi mjeledi. Hamwelekezi mwendeshaji, wala hamsemeshi farasi, maana ushindani ni wa mwendeshaji na farasi wake. Akifanya hivyo, kigari kinatolewa. "Umeelewa?" aliniuliza. Nilielewa. Nilichotaka kumuuliza ni atafanyaje basi, humo ndani, mimi nikiwa nimefunga mdomo na yeye macho. Nikamuuliza kofia ni ya rangi gani.

Siku yenyewe sikuweza kula. Nyambura alinifungia maandazi mawili kwenye karatasi, na yakabaki kwenye mfuko wa gauni hadi mafuta yakapenya. Jengo la mashindano lilikuwa kubwa, la zamani, lenye viti vya mbao kuzunguka na kinanda juu kwenye kibanda. Bandani watu walimsalimia Bibi kwa furaha, naye aliwatambua kwa sauti, akiwatania mmoja mmoja, huku mkono wake ukiwa umenishika kiwiko kama mama anayejivunia binti. Hakuna aliyeshuku. Nami nilizidi kuogopa, kwa sababu uongo wetu ulikuwa unaendelea vizuri kupita kiasi. Karin alikuja kutubusu mashavuni, akanishika bega. "Asante kwa kumtunza," akaniambia, na akapanda jukwaani kukaa mstari wa mbele. Kama angenizaba kofi nisingeumia vile.

Tuliingia vigari vinane, sisi wa mwisho. Kumbe Bibi alikuwa na mpango ambao hakuniambia: aliendesha kwa masikio. Ukuta wa mbao ulikuwa upande wake wa kulia, na mlio wa magurudumu uliporudi kutoka kwenye mbao zile alijua yuko umbali gani. Kwato za waliotangulia zilimwambia yaliyobaki. Mzunguko wa kwanza, tukitembea, alikata kila kona kwa ulaini hata nikaanza kupumua. Ndipo mtangazaji akaita mbio ndogo, na mpiga kinanda akaona hapo ndipo pa kutuchangamsha. Kinanda kikajaza jengo zima. Nilimwona Bibi akiinamisha kichwa upande huu, upande ule, akizitafuta sauti zake, na hazipo. Hazel alikuwa anakimbia vizuri, masikio mbele. Mbele yetu alikuwa bwana mwenye kofia ya kijivu, na farasi wake akashtushwa na kitu, sijui nini, akasimama ghafla na kujipinda, kigari kikaziba njia. Niliitazama mikono ya Bibi. Haikusogea. Uso wake ulikuwa umetulia, umetazama moja kwa moja pale pale palipokuwa na hatari. Nilikumbuka kanuni. Nilimkumbuka Karin mstari wa mbele. Kisha mdomo ukasema wenyewe, si kwa sauti kubwa, sauti ya jioni zetu: "Simama, mama."

Hazel akasimama kwa miguu yote minne. Kati ya pua yake na gurudumu la bwana yule palibaki nafasi ya kiganja. Bibi alisukumwa mbele kidogo, akajirudisha, na nikaona hatamu zikiwa zimelegea mikononi mwake. Alijua kwamba hakuzivuta yeye. Bwana wa kofia ya kijivu alimnyoosha farasi wake, akatuomba radhi, akaendelea. Bibi akatoa amri yake kwa sauti kavu, nasi tukaendelea.  Nilikuwa nikimwomba Mungu atutoe pale kimyakimya, wa saba, wa nane, vyovyote. Badala yake tulipopangwa mstari katikati ya uwanja mwamuzi, mama mrefu mwenye koti jekundu, alikuja moja kwa moja kwetu. Alisema hajaona siku ile farasi mwenye utulivu kama huyu, aliyesimama bila kuvutwa mdomo. Akanyoosha utepe wa mshindi. Watu wakapiga makofi. Bibi naye akanyoosha mkono, ukapita kando ya utepe, ukashika hewa.

"Rangi gani?" aliniuliza, kwa sauti yake ya kawaida, bila kunong'ona.

"Buluu, Bibi."

Mwamuzi alimtazama, kisha akanitazama mimi. Bibi akashusha mkono wake taratibu, akauweka juu ya wangu.

"Huu si wangu," akamwambia. "Sikumsimamisha mimi. Amesimamishwa na huyu binti, kwa lugha yao. Mimi yule bwana sikumwona. Sioni, mama. Mpe anayefuata."

Makofi yalikuwa bado yanaendelea kwa wale wa mbali wasiosikia. Nilimwona Karin akisimama.

Bandani Karin hakupiga kelele, na ningeona afadhali angepiga. Alisubiri hadi nikamfungua Hazel, mikono yangu ikikosea kila kifungo. "Rehema," akasema, "jana uliandika nini kwenye mstari wa macho?" Nikamwambia. "Na juzi?" Nikamwambia. Hakuuliza siku ya tatu. Bibi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia magotini. "Mwache," akasema. "Alinifichia kwa sababu nilitaka anifichie." Karin akamjibu kwamba mtu angeweza kufa mle ndani. Alikuwa sahihi. Nimejitetea mara nyingi kichwani mwangu tangu wakati ule, kwamba nilikuwa kijana, kwamba nilimheshimu, kwamba nilimpa miezi miwili ya kuwa yeye mwenyewe, na kila ninapofika mwisho wa utetezi namkumbuka bwana wa kofia ya kijivu na mgongo wake uliotuelekea. Leo nikiwafundisha walezi wapya huwaambia daftari halina adabu, andika ulichokiona. Sijawahi kuwaambia nilijifunza wapi. Siku ile Karin aliniambia nisije Jumatatu. Nyambura aliponiona mlangoni hakusema "nilikwambia". Alinitazama tu, akatoa unga, akaanza kukanda chapati.

Siku kumi na mbili baadaye Karin alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ngumu. Mama yake anamgombeza kila mlezi anayeletwa, uji hauliki, gazeti linasomwa vibaya. Nyumba ingeuzwa msimu wa vuli, je, ningekuja hadi hapo? Akasema sharti nalijua. Nililijua. Asubuhi ya kwanza nilishusha daftari kutoka juu ya friji kabla hata ya kuvua viatu, nikaandika kwenye mstari wa macho: haoni. Bibi aliuliza ninaandika nini. Nikamsomea. "Herufi zako ni nzuri?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, akasema angalau hilo. Mwezi wa tisa Hazel alichukuliwa na mwalimu mmoja wa kuendesha farasi, na nilimwandikia kwenye karatasi maneno matatu ya Kiswahili ya kumwambia farasi. Bibi alihamia kwenye uangalizi wiki ya pili yake, nami nikapata kazi kwingine.

Lakini kabla ya hapo, asubuhi hiyo hiyo ya daftari, baada ya uji, Bibi alisema tumfunge Hazel. Karin alikuwa amemkataza Bibi kuendesha, hakumkataza kukaa. Tulipofika kwenye kigari Bibi alizunguka kwa mkono, gurudumu, ubao, ngazi, akapanda upande wa kushoto. Nikabaki nimesimama. "Panda," akasema, "kabla sijabadili mawazo." Nilikaa kulia kwa mara ya kwanza, hatamu zikiwa nzito kuliko nilivyodhani, na nilikuwa na hofu zaidi ya siku ya mashindano. Tukateremka barabara ya changarawe. Tulipokaribia kona nilimwona akiinua kidevu, kama kawaida yake, na mkono mtupu usio na mjeledi.

"Za asubuhi, Walt!"

 Nikamwambia Hazel asimame.

"Bibi," nikasema, "hapo hakuna Walt. Ni sanduku la barua."

 Hazel alipiga chafya, akatikisa kichwa.

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa nne."

"Na salamu zote zile? Alikuwa akinipungia?"

"Kila siku, Bibi."

 Alitafuta mkono wangu juu ya hatamu, akaufuata hadi kwenye kidole cha mwisho, akaachia. "Kesho," akasema, "uniambie na kofia yake ni ya rangi gani." Akaligeukia lile sanduku, akalipungia tena. Nami nikaweka hatamu zote kwenye mkono mmoja, nikalipungia pia.